Boti yako ilale wapi? Njia nne za kuihifadhi na kuifunika kwenye gati la nyumbani, Ziwa Victoria

Aprili moja nilishuka gatini kwetu Luchelele, Mwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakuta kamba mbili zimekazana zikielekea majini, na mwisho wa kamba hizo boti haionekani. Omo, yaani mbele ya boti, peke yake ndiyo iliyokuwa nje ya maji, upana wa kiganja, na rangi yake ya njano bado inameta. Dumu la petroli lilikuwa limenasa kwenye matete, limezungukwa na utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua.

Usiku ule ziwa lilitulia. Ilinyesha tu. Turubai nililifunga mimi mwenyewe jioni yake, nikalikaza pande zote, nikarudi nyumbani kulala nikiwa na amani. Kumbe lilikuwa limelegea katikati. Maji yakajikusanya pale kama kwenye beseni, uzito ukazidi, pete mbili zikang'oka na beseni lote likamiminikia ndani. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikashuka kidogo kidogo hadi ule mkato wa kufungia mashine ukafika usawa wa ziwa, na hapo ziwa nalo likaingia. Fundi mzee aliyekuja kutusaidia kuiinua aliizunguka mara moja, akaniambia, "Mwanangu, usililaumu ziwa. Hayo ni maji ya juu."

Tangu siku hiyo nimeifunga boti kwa njia zaidi ya moja, na nimekaa na majirani wenye njia zao. Nawaandikia wenye gati dogo la nyumbani au la familia, na boti ya mita 5 hadi 8, ya mbao au ya faiba, yenye mashine moja nyuma. Njia ziko nne: kuiacha majini na turubai, kuiacha majini chini ya paa, kuining'iniza juu ya maji, au kuivuta nchi kavu. Kila moja nimeiona ikifanya kazi vizuri kwa mtu mmoja na kumtesa mwingine.

Vipimo vya kulinganishia

Cha kwanza ni jua na mvua. Mvua ina hesabu nyepesi ambayo ningeijua mapema ningeokoa boti: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Boti yetu ina urefu wa mita 6 na upana wa kama mita 1.8, yaani karibu mita 10 za mraba. Mvua ya milimita 50 ni lita 500. Hiyo ni nusu tani iliyoingia usiku mmoja, na hakuna wimbi lililopiga. Jua nalo haliui haraka hivyo, ila halipumziki: tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pitisha kiganja juu ya boti ya faiba iliyokaa wazi miaka michache, utakitoa na unga mweupe. Unga huo ni ngozi ya boti inayokwisha.

Cha pili ni mawimbi na kina. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku wa manane hadi asubuhi, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, mawingu yakapanda. Maana yake boti hupigwa wakati mwenyewe umelala. Kina hakina kupwa na kujaa kama Pwani, lakini ziwa hupanda na kushuka kwa miezi na miaka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka hadi magati mengine yakabaki yamesimama juu ya tope. Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, na 2024 likapanda tena kupita hapo. Ukijenga kwa kuangalia maji ya leo peke yake, umejenga kwa kubahatisha.

Cha tatu ni mwili wa boti. Mbao hutaka unyevu wa kiasi; zikikauka sana, viungo hufunguka na pamba ya kalafati inayoviziba hulegea. Faiba hutaka kukauka.

Cha nne ni ulinzi, hasa wa mashine. Cha tano ni mikono, muda na pesa: watu wangapi wanahitajika, dakika ngapi kabla ya kuondoka, na vibali gani vinakusubiri. Kwa hayo matano ndiyo nitazipitia njia zote.

Njia ya kwanza: majini, kwa kamba na turubai

*Jua na mvua.* Kila kitu hapa kinategemea turubai limekaaje. Turubai lililolala bapa juu ya ukingo ni beseni linalosubiri mvua. Linahitaji mwamba, yaani mti wa kilele kama wa paa, katikati, kutoka omo hadi tezi, ili maji yashuke pande mbili kama kwenye paa la nyumba. Sisi tumetumia mrunda mmoja mnyoofu uliowekwa juu ya vigingi vitatu, umeinuka sentimita 60 kutoka ukingoni. Kwa kuwa nusu ya upana wa boti ni sentimita 90, mteremko unatosha maji kukimbia hata turubai likilegea kidogo. Kingo za turubai zishuke nje ya ukingo wa boti kwa kiganja kizima au zaidi, zisiishie juu yake, la sivyo kila tone linarudi ndani. Ncha mbili ziachwe wazi upepo upite. Badala ya kukaza kwa kamba peke yake, tunaning'iniza madumu ya lita 5 yaliyojaa maji kwenye pete za pembeni: upepo ukiinua turubai, madumu hulirudisha, na pete hazing'oki.

Hata hivyo maji kidogo yataingia. Waswahili husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na maji ya mvua hufuata njia hiyo hiyo. Lazima mtu akumbe, au uweke pampu ya ngama yenye swichi ya kuelea, betri na sola ndogo. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye pampu. Galoni 500 kwa saa ni kama lita 1,900 kwenye karatasi, lakini betri ikichoka na bomba likiwa refu hupati hizo.

*Mawimbi na kina.* Geuza omo iangalie ziwa. Watu wengi hufunga omo kwa gati kwa sababu ndivyo walivyofika, kisha tezi, ambayo ndiyo fupi na yenye mkato wa mashine, inabaki kupokea mawimbi usiku kucha. Funga kamba nne, mbili omo na mbili tezi, na tairi kuukuu zining'inie kati ya boti na gati. Pale kamba inapokwaruza nguzo au ukingo, ivishe kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Kamba ya nailoni inaliwa kwa usiku mmoja wenye upepo. Gati la mapipa yanayoelea hupanda na boti na kushuka nayo. Gati la nguzo halisogei, kwa hiyo funga kamba kwenye pete ya chuma iliyovishwa nguzo iweze kupanda na kushuka yenyewe, au uwe mtu wa kulegeza na kukaza kila wiki.

Kuna na magugu maji, yaliyoingia ziwani kuelekea miaka ya 1990. Upepo ukigeuka, zulia zima linakuja kulala gatini, boti inabanwa katikati na kamba zinavutwa kwa uzito ambao hukuupangia.

*Mwili wa boti.* Mbao hapa zina raha upande wa chini. Hatari yake iko ndani, kwenye pembe ambako maji ya mvua na majani makavu hukaa chini ya mataruma, zile mbavu za boti. Kuoza huanzia pale. Faiba haina raha sana. Maji yasiyo na chumvi hupenya faiba kuliko ya bahari, na yakiwa ya joto zaidi, hivyo boti inayokaa majini mwaka mzima inaweza kutoa vipele chini ya rangi.

*Ulinzi.* Dhaifu kuliko njia zote. Boti inayoelea inafikiwa kutoka nchi kavu na kutoka majini pia. Mashine ya farasi 15 ni kama kilo 40, mtu mmoja anaibeba begani; basi hata wewe unaweza kuibeba kila jioni kuipeleka ndani. Ya farasi 40 inazidi kilo 70, hiyo itabidi ibaki na kufuli na mlinzi.

*Mikono, muda, pesa.* Mtu mmoja, dakika kumi, unaondoka. Gharama za kuanzia ni ndogo, ila unazilipa kwa miguu: masika yote kuna mtu wa kushuka gatini kila asubuhi, na baada ya kila mvua kubwa.

*Inamfaa* anayetoka na boti karibu kila siku, mwenye boti ya mbao, na mwenye mtu anayelala pale pale gatini.

Njia ya pili: majini, chini ya paa

*Jua na mvua.* Nguzo nne au sita ndani ya maji, bati juu, boti inaingia chini kama gari gereji. Kwa boti ya mbao hakuna kivuli kizuri kuliko hiki. Chini mbao zinalowa, juu hazichomwi, na hewa inapita pande zote. Mvua ya upepo huingia kwa pembeni. Pazia la neti nzito upande unaopigwa linapunguza. Ndege nao wanapenda paa. Mnandi akilala juu yake usiku mmoja, asubuhi utasafisha, na nyigu hawakawii kujenga kwenye kona za bati.

*Mawimbi na kina.* Hapa ndipo watu walipolia 2020. Ziwa lilipanda, paa halikupanda, na nafasi kati ya boti na boriti ikaendelea kupungua. Ukijenga, tafuta alama ya maji ya 2020 na 2024 kwenye mawe au kuta za jirani, kisha pima urefu wa paa kuanzia hapo, boti ikiwa na mtu aliyesimama ndani. Bati lishikwe kwa skrubu na si misumari mitupu, maana dhoruba ya alfajiri hulipiga kwa chini.

*Mwili wa boti.* Faiba inaepushwa na jua, ila tatizo la kukaa majini linabaki lile lile. Kuna na jambo la mwili wa mwenye boti: maji yaliyotulia kati ya nguzo, yenye magugu, ndiyo yanayopendwa na konokono wa kichocho. Usifanye mazoea ya kushuka humo kusukuma boti. Jenga ubao wa kutembelea pembeni.

*Ulinzi.* Afadhali kidogo, kwa kuwa unaweza kuweka geti la nondo na taa.

*Mikono, muda, pesa.* Kuondoka ni haraka kuliko njia zote, hakuna hata turubai la kukunja. Kujenga ndiko ghali. Na kabla ya kununua nguzo, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anzia kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC kwa jina tulilozoea) na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, uulize kabla hujachimba. Nimemwona jirani akibomoa kwa mikono yake banda alilolijenga kwa akiba ya miaka, na sura yake siku ile bado naiona.

*Inamfaa* mwenye kibali mkononi na ghuba iliyotulia, mwenye boti ya mbao ya thamani, au familia yenye boti zaidi ya moja inayoweza kugawana gharama.

Njia ya tatu: kuining'iniza juu ya maji

Njia hii bado si ya kawaida kwetu, lakini mafundi wa Mwanza wanaitengeneza kwa mabomba mazito ya chuma na cheni bloku mbili, zile zile za kunyanyulia injini gereji. Mikanda miwili mipana inapita chini ya tumbo la boti, mmoja karibu na omo na mwingine karibu na tezi. Unavuta mnyororo, boti inapanda hadi juu ya maji.

*Jua na mvua.* Uzuri wake wote uko kwenye kizibo cha tundu la kutolea maji. Boti ikishapanda, inua omo kidogo kuliko tezi kisha chomoa kizibo cha chini. Kila tone linaloingia linatoka lenyewe. Turubai bado unalihitaji kwa ajili ya jua, ila likikosea hakuna anayezama. Ukisahau kuchomoa, ile nusu tani tuliyoihesabu inajikusanya ndani, na mikanda iliyopimwa kwa boti tupu inabeba mzigo mwingine juu yake. Mimi nafunga kizibo kwenye ufunguo wa mashine kwa uzi mwekundu: nikiwa na ufunguo mkononi, najua kizibo hakiko kwenye boti, na siwezi kuwasha mashine bila kukumbuka kukirudisha.

*Mawimbi na kina.* Inua vya kutosha wimbi la dhoruba lisifike tumboni, kisha funga boti kwa nguzo zote nne isibembee. Ziwa likipanda, unapandisha pia, hadi pale fremu itakapoishia. Fremu hii nayo imesimama majini, kwa hiyo yale ya vibali yanaihusu vile vile.

*Mwili wa boti.* Kwa faiba ni kitanda kizuri: inakauka, haishiki utelezi wa kijani chini, haikwaruzwi na mchanga. Kwa mbao siipendekezi hata kidogo. Uzito wote unakaa juu ya mikanda miwili, mkuku, ule uti wa chini wa boti, unaanza kupinda, na huku mbao zinakauka kwa upepo wa juu na wa chini.

*Ulinzi.* Mzuri. Kufuli moja kwenye mnyororo, boti haishuki.

*Mikono, muda, pesa.* Mtu mmoja, kama robo saa. Gharama iko katikati, lakini hapa usibane matumizi kwenye mnyororo wala kwenye kulehemu, na mtu asipite chini ya boti iliyoning'inia, hasa watoto.

*Inamfaa* mwenye boti ya faiba anayetoka mwisho wa wiki, anayefanya kazi peke yake.

Njia ya nne: nchi kavu

*Jua na mvua.* Turubai lile lile lenye mwamba katikati, kizibo kimechomolewa, omo imeinuliwa. Mvua haina tena la kukutisha. Jua linabaki, na juu ya nchi joto la chini ya turubai ni kali kuliko majini, kwa hiyo uwazi wa ncha mbili ni wa lazima. Ukifunga kila upande, ukifungua baada ya mwezi utapokelewa na harufu ya ukungu, na pengine panya.

*Mawimbi na kina.* Hayakuhusu, ili mradi umepita mstari wa maji ya 2020 na 2024. Boti iliyovutwa mita 5 tu kutoka majini na kuachwa bila kufungwa bado ni boti ya ziwa. Ifunge kwenye mti.

*Mwili wa boti.* Faiba hupenda hapa kuliko mahali popote. Mbao zina matatizo mawili. La kwanza ni kukauka: miezi miwili ya kiangazi inatosha mwanga kupenya kati ya ubao na ubao. Tandika magunia yaliyoloweshwa ndani, na ukikaribia safari ishushe majini siku mbili kabla, uiache inywe na kuvimba, ukikumba maji mpaka viungo vifunge. La pili ni mchwa. Nimeona mkuku wa mninga uliolazwa juu ya magogo nyuma ya nyumba. Nje ulikuwa mzima, umepakwa rangi vizuri, na fundi alipougonga kwa nyundo ukatoa sauti ya debe tupu. Ilaze juu ya matairi, mawe au zege, wala isiguse udongo, na kila wiki chungulia kama kuna njia za tope zinapanda.

*Ulinzi.* Mzuri kuliko zote: uani, karibu na dirisha, mashine ndani ya nyumba. Kama iko kwenye tela, toa gurudumu moja.

*Mikono, muda, pesa.* Hapa ndipo panapochosha. Kwa magogo ya kuviringisha unahitaji vijana wanne hadi sita, na wakati mwingine vijana hawapo. Winchi ya mkono iliyofungwa kwenye zege inapunguza hadi watu wawili. Kwetu, ambako ufuko ni mawe na mchanga mkali wa mawe hayo hayo, tumbo la boti linakwanguliwa kila safari. Panga mirunda iliyomenywa au mikanda ya mpira njia nzima. Na kwa kuwa kila mara mtu anasimama kwenye maji ya kina kifupi yenye matete, suala la kichocho linarudi. Viatu virefu vya mpira, au usukumie mahali palipo wazi penye mawimbi.

*Inamfaa* anayetumia boti mara moja au mbili kwa mwezi, anayesafiri kikazi, au asiyekuwa na mtu wa kuiangalia.

Na turubai lipi?

Turubai jepesi la plastiki, lile la bluu, ni rahisi na linapatikana kila duka la vifaa. Kwa jua la huku, la kwetu halikumaliza masika mawili; lilianza kupukutika nyuzi za bluu ambazo upepo ulizipeleka ziwani, jambo linaloniuma nikikumbuka samaki. Lichukulie kama la dharura.

Turubai zito la malori linadumu miaka, lakini pima nguvu zako. Lina gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba, hivyo kipande cha mita 4 kwa 8 kinafika kilo 20 kikiwa kikavu. Mtu mmoja juu ya boti inayoyumba atahangaika nalo. Likate vipande viwili vinavyopandana katikati, cha omo kikilala juu ya cha tezi, mvua inayotoka ziwani isipate mdomo. Zaidi ya hapo halipitishi hewa hata kidogo, kwa hiyo mwamba na ncha wazi si hiari.

Kanvasi ya pamba inapumua na haikwaruzi rangi, na kwa boti ya mbao mimi naipenda kuliko zote. Huoza ikikunjwa mbichi. Neti ya kivuli ya bustani haizuii mvua, lakini kwa boti iliyochomolewa kizibo inatosha kabisa kuvunja makali ya jua, na upepo hauibebi.

Mashine, popote ilipo, iinuliwe mguu nje ya maji na ivishwe gunia au kitambaa. Usiifunge kwa nailoni. Inatoa jasho ndani, na jasho hilo ndilo linalokula nyaya.

Kwa hali yako

Kama boti ni ya mbao na unatoka nayo karibu kila siku, iache majini, omo ikiangalia ziwa, turubai lenye mwamba juu, na mtu wa kukumba maji kila asubuhi ya masika. Ukipata kibali na fedha baadaye, hamia chini ya paa. Hutabadilisha kingine chochote.

Kama ni ya mbao na unakaa mwezi bila kuigusa, usidanganyike kwamba nchi kavu ni pumziko lake. Au mpe mtu unayemwamini aitumie na kuitunza ikiwa majini, au ivute lakini ukubali kazi ya magunia mabichi na zile siku mbili za kuiacha inywe.

Kama ni ya faiba na unatoka mwisho wa wiki, chagua kati ya kuning'iniza na kuvuta. Ukiwa na vijana nyumbani na mteremko mzuri, vuta. Ukiwa peke yako, au ufuko wako ni mawe matupu, ning'iniza.

Kama unafanya kazi Dar es Salaam au nje ya nchi na boti inakusubiri likizo, iwe ya faiba nchi kavu, kizibo nje, mashine chumbani. Pampu na sola ni msaada kwa usiku mmoja. Miezi sita ni mirefu mno kuziachia boti.

Kama gati lako ni la nguzo na liko mahali palipozama 2020, usiweke fedha kwenye paa wala fremu kabla hujalihamisha au kuligeuza la kuelea.

Na kama mvua zimeshaanza na hujaamua lolote, leo jioni fanya matatu: geuza omo, beba mashine ndani, kisha tafuta mti mmoja mnyoofu uuweke chini ya turubai, kutoka omo hadi tezi. Ukimaliza, mwaga ndoo ya maji katikati ya turubai uangalie inakimbilia wapi.